Maswali Yenu: Zagallo, winga aliyependa kurudi nyuma

SWALI: Kaka habari za kazi. Hapa kijiweni kwetu tunabishana wiki nzima kuhusu Mário Zagallo, winga wa Brazili aliyekuja kuwa kocha wao. Mwenzangu anasema yule mzee hana alichofanya, timu ya Brazili ya 1970 hata ungeweka jiwe kwenye benchi ingebeba kombe maana Pelé alikuwepo. Halafu eti aliwahi kuwa askari uwanja wa Maracanã, siku ile Wabrazili wanalia kwa kulikosa Kombe la Dunia 1950? (Msomaji, Kigoma)

JIBU: Nzuri ndugu yangu. La uaskari ni kweli kabisa. Tarehe 16 Julai 1950 Zagallo alikuwa kijana wa miaka 18, yuko jeshini, akapangiwa kulinda pale uwanjani. Brazili walihitaji sare tu wawe mabingwa na wakatangulia kufunga, Urugwai wakarudisha, dakika ya 79 Ghiggia akaweka la pili na uwanja wenye watu karibu laki mbili ukawa kimyaaa, na huyu dogo kasimama mle mle na magwanda yake. Miaka minane baadaye ndo huyo huyo anafunga goli la nne kwenye fainali kule Sweden, 5-2.

Sasa hilo la jiwe kwenye benchi hapana, mwambie mwenzako apunguze. Zagallo alikuwa winga wa kushoto ila hakuwa mtu wa chenga kama Garrincha upande wa pili, yeye mpira ukipotea anarudi mbio kuwasaidia viungo, mpaka wakambatiza Formiguinha, yaani sisimizi mdogo. Enzi hizo Brazili walikuwa wanaweka watu wanne mbele na viungo wawili tu katikati, kwa hiyo yeye akirudi wanakuwa watatu. Mimi nasimama hapo, kombe la 1958 na la 1962 yana jasho lake jingi kuliko watu wanavyokubali.

Machi 1970 kocha João Saldanha akatimuliwa, Zagallo akapewa timu ana miaka 38 na kombe halijabakiza hata miezi mitatu. Ana Pelé, Gérson, Rivelino, Tostão, Jairzinho, kila mmoja anataka mpira uje mguuni kwake. Akawapanga wote! Rivelino akampeleka kushoto lakini asigande kwenye chaki, awe anaingia ndani, ile ile kazi aliyokuwa anaifanya mwenyewe, na Piazza aliyekuwa kiungo akamrudisha beki ya kati. Tafuteni lile goli la nne dhidi ya Italia, la Carlos Alberto. Wengi wanaliangalia kuanzia pale Pelé anamsogezea pasi kulia, rudisheni nyuma kidogo muone nani kaunyang'anya mpira: Tostão, straika, yuko huko chini nusu ya kwao, dakika ya 86 na wanaongoza 3-1. Straika gani anarudi mpaka kule kama kocha hajamwambia?

SWALI: Shikamoo kaka. Baba husema siku Mwepu Ilunga, beki wa Zaire, alipotoka kwenye ukuta akaupiga mpira wa frikiki ya Brazili, kocha wa Brazili alikuwa Zagallo. Ni kweli? (Msomaji, Lubumbashi)

JIBU: Marahaba, baba yuko sahihi. Ilikuwa 22 Juni 1974, Gelsenkirchen, Ujerumani. Brazili walikuwa wametoka 0-0 mara mbili, na Yugoslavia na Uskoti, kwa hiyo walihitaji magoli matatu kwa Zaire ili wapite, na wakapata matatu kamili, la mwisho dakika ya 79. Presha ilikuwa pande zote mbili jamani. Watu walimcheka Mwepu miaka na miaka eti hajui sheria, wakati mwenyewe alishaeleza kuwa alizijua vizuri, na kwamba walikuwa wametishiwa na watu wa Rais Mobutu wasithubutu kufungwa manne. Inaniuma kila nikiona ile video inarushwa kama kichekesho. Brazili ile iliishia nafasi ya nne.

SWALI: Namba 13 aliyoipenda sana Zagallo ilikuwa uchawi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Hapana, ni imani. Mke wake alimpenda sana Mtakatifu Antonio ambaye sikukuu yake ni 13 Juni, hata ndoa walifunga 13 Januari 1955. Zagallo mwenyewe alifariki Rio tarehe 5 Januari 2024, miaka 92, na siku mbili tu baadaye akafuata Franz Beckenbauer, wa pili baada yake kubeba kombe la dunia kama mchezaji na kama kocha. Wa tatu, Didier Deschamps, ndo kabaki peke yake.