Jibu: Supu baridi ya nanasi kuwa chungu ikilala kwenye friji

Habari ndugu. Kama nimekuelewa, supu yako ya nanasi na mtindi inatoka kwenye blenda ikiwa tamu, ila asubuhi ni chungu na maji yamejitenga. Friji haina kosa. Nanasi lisilopikwa lina kimeng'enya kinachokatakata protini ya maziwa, na kadiri linavyokaa ndivyo uchungu unavyozidi.

Dawa yake ni moto. Chukua nanasi moja la kati, toa moyo wa katikati, katakata, bandika na sukari vijiko viwili na kipande cha tangawizi. Haya ya Geita tunayonunua hapa Mwanza yana maji mengi, kwa hiyo nusu kikombe cha maji kinatosha kabisa. Likishaanza kutokota, hesabu dakika tano. Saga, chuja, acha ipoe hadi sufuria ishikike bila kitambaa na isiwe hata vuguvugu, ndipo utie mtindi kikombe kimoja. Ukiuharakisha utaona punje nyeupe zikielea. Hapo mtindi umeshakatika, na kusaga tena hakurudishi kitu.

Onja kabla ya kuweka kwenye friji: iwe tamu kupita kiasi kidogo, maana baridi hupunguza utamu. Chumvi, chembe tu.

Papai lina tabia hiyohiyo na ni sugu zaidi kwa moto. Kwa supu ya maziwa, bora embe. Na kama umeme wa kwenu unakatika ovyo, hifadhi rojo peke yake, mtindi utie wakati wa kula.