Muulize Fundi: Jagi la umeme lisilo na plastiki ndani, lipo kweli?

Swali: Shikamoo fundi. Niko Tanga, nina mtoto wa miezi mitano na nimesharudi kazini, kwa hiyo mchana anakunywa maziwa ya kopo. Dada anachemsha maji na jagi letu la umeme, lile jeupe la plastiki, tulinunua elfu 18 na mpaka leo mwezi wa tatu maji yananukia plastiki. Wifi yangu kanitisha eti namnywesha mtoto plastiki. Nimezunguka madukani kila muuzaji ananiambia hili ni stili tupu mama, nikifungua naona plastiki. Lipo kweli ambalo ndani halina plastiki au nirudi kwenye sufuria yangu tu?
*Mama wa mtoto mchanga, Tanga*

Jibu: Marahaba mwanangu, na hongera ya mtoto. Jagi la umeme ambalo ndani halina plastiki hata chembe ni adimu, kwenye hii meza yangu ya kufungulia vitu nimekutana nayo machache sana. Ila yenye plastiki kidogo mno, kiasi kwamba maji yanayochemka hayaigusi, mvuke tu ndo unaigusa, hayo yapo, na sio lazima yawe ya bei ya kutisha. Tatizo letu wote tunanunua kwa macho ya nje. Jagi linang'aa kama sinia la harusi, muuzaji analigonga na ukucha linalia tiii, basi hela imeshatoka.

Mimi mwenyewe fundi mzima nimepigwa. Mwaka juzi nimemnunulia mke wangu jagi la kung'aa, duka silitaji, nafika nyumbani nafungua kifuniko nakuta upande wa chini ni plastiki nyeusi, ubavuni kuna kile kidirisha cha kuonyesha maji yamefika wapi nacho plastiki, alafu upande wa mkono kuna kibomba cha plastiki kimesimama ndani ya maji toka juu mpaka chini. Stili tupu yenyewe ndo hiyo. Miezi minne tu kidirisha kikaanza kuvuja, mana plastiki ikipata joto inatanuka zaidi ya stili, kwa hiyo kila ukichemsha zinavutana pale zilipoungana, mpira au gundi inachoka, maji yanaanza kushuka kwenye kitako ambako ndiko umeme uliko. Yani hata kwa mtu asiyejali mambo ya afya, kidirisha mimi sikipendi kwa hilo tu.

Wakati huohuo kuna majagi kwa nje ni plastiki tupu, watu wanayapita kama hawayaoni, kumbe ndani ni stili kipande kimoja toka mdomoni mpaka kitakoni. Yana kuta mbili, ile plastiki ya nje kazi yake mkono usiungue na maji haiyagusi popote. Kwako wewe ambaye baada ya miezi michache mtoto ataanza kutambaa na kushika kila kitu, hilo ndo ningekununulia.

Ukienda dukani usione aibu, washa tochi ya simu, fungua kifuniko, chungulia kama unatafuta sindano. Angalia kifuniko kwa chini, kama kimevikwa stili vizuri, kikiwa plastiki ujue mvuke utajikusanya pale na kudondokea maji yako. Angalia ubavu kama una kidirisha. Angalia mdomoni kama kuna kichujio cha plastiki, hicho kisikukoseshe usingizi, kwenye majagi mengi kinachomoka kwa mkono, unakitoa unakiweka kabatini. Kisha angalia kitako. Kikiwa bapa kinang'aa basi elementi, yani kile chuma kinachopasha maji moto, imejificha chini yake, na pale kitako kinapokutana na ukuta ndo pa kuangalia kwa makini, kuna yaliyounganishwa kwa mpira wa silikoni na kuna yaliyovutwa kipande kimoja hayana maungio kabisa. Silikoni sio plastiki hizi tunazozijua, inavumilia joto la maji ya kuchemka bila wasiwasi, kwa hiyo ukiona kijimstari cha mpira usilirudishe jagi.

Kile kibomba kimekaa ndani ya maji kina kazi yake, sio kwamba Mchina kakiweka kwa kutupunja. Jagi linajizima lenyewe kwa sababu ya kibati kidogo chenye metali mbili zilizobandikwa pamoja, moja inatanuka kuliko mwenzake, joto likifika kinajipinda ghafla, tak, kinakata swichi. Sasa kibati hiki kinataka kupigwa na mvuke, ndo mana ukiacha kifuniko wazi jagi linachemka tu halizimi. Kama swichi iko chini karibu na kitako, mvuke lazima upelekwe huko chini, na njia rahisi kiwandani ni kibomba cha plastiki kupita ndani ya maji. Kama swichi iko juu kwenye mshikio, mara nyingi utakuta kitundu tu karibu na kifuniko, mvuke unapitia hapo. Kwa hiyo kabla hata hujafungua kifuniko angalia swichi iko wapi, mimi ya juu napenda zaidi.

Ukigeuza jagi chini unaweza kukuta pale linapokalia umeme pameandikwa Strix, hao ni kampuni ya kisiwa cha Man kule kwa Waingereza, wametengeneza hizi swichi miaka na miaka na majagi ya makampuni mengi yamebeba swichi zao. Ni dalili nzuri kwenye upande wa umeme, ila haikwambii chochote kuhusu plastiki ya ndani.

Na usidanganywe na maandishi ya "haina BPA". Hiyo ni kemikali inayotumika kutengeneza plastiki ngumu ya kung'aa kama kioo, polikaboneti, Ulaya waliipiga marufuku kwenye chupa za watoto 2011 na Marekani 2012. Majagi mengi meupe kama lako yametengenezwa na polipropilini, ile yenye namba 5 kwenye pembetatu, ambayo BPA haimo toka mwanzo. Sasa kuandika haina BPA ni kama muuza maji kuandika kwenye ndoo haina pilipili. Ni kweli, lakini nani alikwambia ilikuwemo?

Kuhusu vitisho vya wifi yako, kuna ukweli ndani yake ila usilie. Watafiti wa Trinity College Dublin 2020 walipima chupa za watoto za polipropilini, wakakuta zinaachia vipande vidogo mno vya plastiki, mpaka milioni 16 kwa lita moja, na kadri maji yanavyokuwa ya moto ndivyo vinavyozidi. Jagi lako huenda ni plastiki hiyohiyo na maji yake yanafika nyuzi 100. Vinamfanya nini mtoto, hapo ndo sayansi haijamaliza kazi, Shirika la Afya Duniani 2019 lilisema ushahidi wa madhara kwenye maji ya kunywa bado hautoshi na utafiti uendelee. Mimi naliona hivi, kama kuliepuka ni suala la kubadilisha jagi, badilisha.

Ila mama, ukinunua jagi la stili alafu ukamimina maji ya moto moja kwa moja kwenye chupa ya plastiki, umehamisha tatizo toka mezani kwenda mdomoni kwa mtoto. Chemsha kwenye stili, koroga maziwa kwenye kikombe cha kioo au cha stili, yapoze, yakishapoa ndo utie kwenye chupa yake. Na wakati wa kukoroga maji yawe bado ya moto, yasiwe chini ya nyuzi 70, mana unga wa kopo wenyewe unaweza kuwa na vijidudu na joto hilo ndo linaviua. Usije ukakwepa plastiki ukaleta kuharisha. Mkalishe dada umuonyeshe kwa vitendo, ukimwachia maelezo ya mdomo ataitikia sawa dada alafu kesho anarudi kwenye njia yake ya zamani, nawajua.

Hilo la harufu miezi mitatu, litoe kwenye mambo ya kunywa leo. Jagi jipya kunukia siku mbili tatu ni kawaida, unachemsha maji unamwaga mara tatu nne inaisha. La miezi mitatu bado linanukia mimi nisingelipa hata nafasi ya kuchemshia maji ya kuoga. Na sufuria usiione ya kizamani, sufuria nzuri ya stili yenye mfuniko kwenye jiko la gesi inakupa maji yasiyogusa plastiki kabisa, bila kununua kitu, mpaka utakapopata jagi la moyo wako.

Swali: Fundi mambo vipi, niko Dodoma, jagi langu la stili limeota madoa ya kahawia kitakoni na mengine meupe. Muuzaji aliniambia ni stili 304, nikaweka sumaku haikushika nikajua nimepata orijino. Hii si kutu kweli?

Jibu: Poa. Maji ya visima vya huko kwenu yana chumvichumvi nyingi, kwa hiyo nadhani asilimia kubwa ni chokaa na madini yamejipika hapo. Kamulia ndimu tatu kwenye maji kidogo, au tia siki, chemsha, acha nusu saa, mwaga, suuza, alafu chemsha maji matupu mara moja umwage. Doa likitoka ni chokaa. Likibaki na ukipitisha kidole unasikia kashimo, hiyo ni kutu na wamekupiga. Steelwool usiguse.

Na hilo la sumaku, watu wanalipenda sana ila linakupa nusu ya habari. 304 ni ile yenye kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama 8, ndo mana wengine wanaandika 18/8, na kweli sumaku haiishiki au inashika kwa mbali. Lakini kuna 201, nikeli wamepunguza wakaweka manganizi kupunguza gharama, nayo sumaku haishiki, na hiyo ndo inayowahi kuota kutu kwenye maji ya chumvi kama ya kwenu. Sumaku ikishika kwa nguvu ujue sio 304, isiposhika bado hujajua kitu. Mimi naangalia kama namba imegongwa kwenye chuma chenyewe au imebandikwa stika tu, ingawa hata kugonga wanagonga wajanja, kwa hiyo nunua kwa mtu ambaye ukimrudishia atakupokea, na risiti uitunze.

Swali: Fundi, kwetu Mombasa sasa kila nyumba yataka birika la kioo, lile lawaka taa ya buluu. Si ndilo safi kuliko yote?

Jibu: Kioo chenyewe hakina neno, mengi ni kioo cha borosilikati ambacho hakipasuki kirahisi joto likibadilika ghafla, na kina raha yake ya kuona maji yanavyocheza. Ila chungulia vilevile, mana kioo lazima kishikwe na kitu, juu utakuta ukosi wa plastiki, kifuniko plastiki, na mengine hata mdomo wa kumiminia ni plastiki. Nimeona ya kioo yenye plastiki ndani kuliko ya stili. Ukipata lenye mdomo wa kioo chenyewe, kitako cha stili na kifuniko kilichovikwa stili, chukua. Ukiwa watumia maji ya kisima basi jiandae na ndimu kila wiki, chokaa kwenye kioo haijifichi, na mgeni ataiona kabla hujamkaribisha kahawa. Taa ya buluu haina kazi yoyote.

Swali: Fundi mi mwanafunzi niko hosteli, jagi la stili siliwezi mfukoni. Natumia hita ya koili, nazamisha kwenye ndoo ndogo ya plastiki, yakichemka nachota ya chai. Kuna ubaya?

Jibu: Upo mdogo wangu, tena mwingi. Ndoo haikutengenezwa kwa maji ya kuchemka, mara nyingi ni plastiki iliyoyeyushwa na kutengenezwa upya, kabla ya hapo ilishakuwa nini, hata mungu wa plastiki hajui. Koili ikilala ikagusa ubavu ndoo inayeyuka, nimeletewa moja imetoboka kama imeumwa na panya. Tafuta kisufuria cha stili cha lita moja, mitumba vipo vizuri tu, angalau plastiki utakuwa umeiondoa kwenye chai yako, ingawa hapo napo chuma na koili sio marafiki, koili ikiwa na ufa hata wa unywele, maji na sufuria vyote vinabeba umeme. Ukijichanga nunua jagi dogo la stili la lita moja, hata bila chapa kubwa, mradi ndani umelichungulia kwa tochi na plagi yake ni ya pini tatu iliyojaa, na usilichomeke kwenye ile ekstensheni nyembamba mnayochajia simu watu sita, jagi la wati 2000 linavuta karibu ampea 9 na ule waya utaiva kabla ya maji.

Na kwa sasa hivi ambapo bado unatumia hita, maji ukitaka kujua kama yameshapata moto, chomoa kwanza kwenye soketi ndo utie kidole.