Jeep bila milango Marekani: kabla ya trafiki kuuliza, angalia vioo

Joto likianza, wenye Jeep Wrangler kule Marekani huuliza swali lile lile: nikitoa milango, trafiki atanisimamisha? Katika majimbo mengi, gari ambalo kiwanda kililiunda ili milango yake itoke halivunji sheria kwa kukosa milango. Kosa huwa ni kukosa kioo cha pembeni. Vioo vya pembeni vya Wrangler vimefungwa kwenye milango yenyewe, hivyo ukishusha mlango na kioo kimeondoka. Mtu anaandikiwa faini, anarudi nyumbani akilaumu sheria ya milango ambayo pengine hata haipo katika jimbo lake.

Tutenganishe kwanza sheria za aina mbili. Kuna viwango vya usalama vya serikali ya shirikisho, ambavyo vinambana mtengenezaji wa gari. Kiwango namba 206, kinachohusu vitasa na bawaba, hakiigusi milango iliyoundwa kutolewa kwa urahisi kwenye magari yaliyotengenezwa yaweze kutembea bila milango. Ndiyo sababu Wrangler inauzwa ilivyo, na Ford Bronco ya kuanzia mwaka 2021 vilevile. Lakini anayekubana wewe dereva barabarani ni jimbo, kwa sheria yake ya barabarani, na kwa kanuni za ukaguzi pale ambapo gari linakaguliwa kila mwaka, kama Virginia, New York, Massachusetts na Pennsylvania.

Tuchukue California. Kifungu cha 26709 cha sheria yake ya magari kinataka gari linalosajiliwa jimboni liwe na vioo visivyopungua viwili vya kutazamia nyuma, kimoja kikiwa upande wa kushoto, na vioo hivyo vionyeshe barabara kwa umbali wa angalau futi 200, yaani mita 61. Gari lililosajiliwa nje ya jimbo linadaiwa kioo kimoja tu kinachofikisha umbali huo. Texas, kifungu cha 547.602, inataka kioo kinachoonyesha futi 200 nyuma ya gari. Florida, kifungu cha 316.294, nayo inataja futi 200 hizo hizo. Kwa hiyo mwenye Wrangler ya Texas anaweza kutimiza sheria kwa kioo cha ndani peke yake endapo kinaona nyuma sawasawa, ilhali mwenzake wa California mwenye gari la aina hiyo hiyo yuko makosani.

Texas imeleta mkanganyiko mwingine. Tangu tarehe 1 Januari 2025 magari mengi ya binafsi hayapiti tena ukaguzi wa usalama wa kila mwaka, na wapo waliochukulia kwamba vioo sasa ni hiari. Ukaguzi ndio ulioondolewa. Kifungu cha kioo kipo palepale, na askari anaweza kukuandikia faini kwa hicho hicho.

Orodha za mtandaoni zenye majimbo yote hamsini na neno "ruhusa" au "marufuku" mbele ya kila moja usizitegemee. Nyingi zimenakiliana kwa miaka, nazo zinachanganya milango na vioo. Pennsylvania ni mfano mzuri: kwa muda mrefu kanuni zake za ukaguzi zilitajwa kuwa kikwazo kwa gari lisilo na milango, na sentensi ile ya zamani huendelea kuzunguka bila mtu kurudi kusoma kifungu kilivyo leo. Fungua tovuti ya bunge la jimbo lako au ya idara ya magari, tafuta maneno "mirror" na "door", soma kifungu chenyewe, kisha kichapishe ukiweke garini pamoja na kadi ya usajili. Kama unaishi au kufanya kazi ndani ya kambi ya jeshi, uliza getini kabla ya kutoa chochote, maana kambi inaweza kuwa na masharti yake.

Sasa vioo vyenyewe, kwa sababu hapa ndipo fedha hupotea. Vioo vya badala vya Wrangler viko vya namna mbili kuu. Kuna vyenye pini inayoshuka kwenye tundu la bawaba ya juu iliyobaki kwenye bodi baada ya mlango kutoka, kisha unakaza kwa chini. Na kuna vinavyofungwa kwa boliti ndefu zaidi kwenye bawaba za fremu ya kioo kikubwa cha mbele. Vya pini ni rahisi kuweka na kutoa, lakini vimeshikiliwa sehemu moja tu, na upepo wa barabara kuu unavizungusha polepole hadi unajikuta unatazama anga. Mkono mrefu huzidisha mtikisiko. Chagua mfupi unaotosha kukipeleka kioo nje ya ukingo wa bodi. Weka washa ya mpira kati ya mkono na bodi ili rangi isichubuke, ila usiiweke chini ya nati: mpira hubonyea, nati inalegea, na kioo kinaanza kucheza. Tumia nati ya kujibana yenye pete ya nailoni ndani, na ukaze tena baada ya kilomita chache za kwanza.

Kuna jambo wauzaji hawalisemi. Kiwango cha shirikisho namba 111 kinamtaka mtengenezaji aweke kioo bapa upande wa dereva, kinachoonyesha vitu kwa ukubwa wake halisi. Kioo mbinuko, yaani kilichotokeza katikati na kuonyesha vitu vidogo kuliko vilivyo, kinakubalika upande wa abiria. Vile vioo vidogo vya duara vya bei ya chini mara nyingi ni mbinuko pande zote mbili, na dereva anayeviamini huona lori lililo karibu kama liko mbali. Isitoshe, bawaba iko mbele zaidi ya mahali kioo cha awali kilipokuwa, hivyo kioo kinakuwa mbali na jicho na picha inapungua. Nunua kikubwa, na cha upande wa dereva kiwe bapa. Kwa waliojifunzia udereva Nairobi au Dar es Salaam, upande wa dereva Marekani ni kushoto. Ukiamua kununua kimoja tu, ndicho hicho.

Cha abiria nacho usikidharau. Wrangler ina gurudumu la akiba mgongoni, na ukikunja turubai nyuma au ukapakia mizigo, kioo cha ndani hakioni kitu.

Kupima ni kazi ya dakika kumi. Egesha mahali palipo wazi na pamenyooka, mtu ahesabu hatua kama 80 za kawaida kutoka bampa ya nyuma, asimame hapo. Kaa kwenye kiti, funga mkanda, mtazame bila kujiinua. Ukimwona wote kuanzia miguuni, umbali unatosha. Kisha endesha kwa mwendo wa barabara kuu: picha ikitetemeka kiasi kwamba huwezi kutofautisha gari dogo na lori, kioo hicho hakikusaidii hata kama karatasi ya muuzaji inasema kimeidhinishwa.

Kwenye Bronco kichwa hakiumi hivyo. Ford iliweka vioo vya pembeni kwenye bodi, mbele ya mlango, kwa hiyo milango inatoka na vioo vinabaki.

Utoaji wa milango ya Wrangler za kizazi cha JK (2007 hadi 2018) na JL (tangu 2018) unahitaji biti ya nyota T50 na mtu wa pili. Shusha dirisha kwanza kabisa, kwa sababu ukishachomoa waya hutaweza tena kulishusha, na kioo kilichopanda hugongwa kirahisi mlango ukiwekwa chini. Fungua na uzitoe skrubu za pini kwenye bawaba ya juu na ya chini. Ndani, chini ya dashibodi, kuna kifuniko cha plastiki kinachoficha plagi ya mlango; kitelezeshe kuelekea kiti, usikivute kwa nguvu. Vuta kile kifungio chekundu, bonyeza kishikizo, plagi inaachia. Ikigoma, kifungio hakijatoka chote; usitumie bisibisi kuikwanyua, masikio ya plastiki yakivunjika plagi haitashika tena. Halafu achia kizuizi kinachozuia mlango usifunguke kupita kiasi. Kuanzia hapo mlango uko huru kwenda hadi kugonga fenda, kwa hiyo mmoja aushike muda wote. Inueni moja kwa moja juu hadi pini zitoke. Mlango wa mbele ni mzito, kilo ishirini na kitu, na ukiinamisha kabla pini hazijatoka unapinda pini au unachuna rangi.

Plagi iliyobaki garini ifunike na uirudishe nyuma ya kifuniko chake. Maji na vumbi vikiingia, pini zake hupata kutu ya kijani, na siku ya kurudisha milango dirisha au kitasa hakifanyi kazi. Skrubu zitie kwenye mfuko wenye jina la kila mlango. Wakati wa kurudisha, usizikaze kwa nguvu zako zote, bawaba hupasuka. Taa ya ndani ikibaki inawaka, zungusha swichi ya mwanga wa dashibodi hadi chini kabisa, la sivyo asubuhi betri imekwisha. Na vuta hendibreki kila unaposhuka. Mfumo wa JL ya otomatiki wa kuingiza gari kwenye P (gia ya kuegesha) wenyewe hutumia, pamoja na mambo mengine, taarifa ya mlango wa dereva kufunguliwa. Usiuache ufanye kazi yako. Kama gari lako lina taa za tahadhari ya gari lililo pembeni, nazo zilikuwa kwenye vioo vilivyoondoka.

Kitabu cha mwongozo cha Wrangler chenyewe kinaonya usiendeshe kwenye barabara za umma bila milango, kwa kuwa unapoteza ulinzi wake, na kwamba maelezo ya kuitoa ni kwa matumizi ya nje ya barabara tu. Onyo hilo si sheria na askari hawezi kukutoza faini kwalo. Lakini ukigongwa ubavuni, wakili wa upande wa pili anaweza kulisoma hadharani akidai majeraha yako umejitakia. Iulize kampuni yako ya bima kwa maandishi: je, bima inabaki kamili milango ikiwa imetolewa, na milango iliyoachwa gereji ikiibwa inalipwa? Jibu la simu halitoshi.

Kila aliyemo afunge mkanda. New Hampshire ndilo jimbo pekee lisilowalazimisha kabisa watu wazima, na hata huko ningeufunga. Mtoto simkalishi kando ya nafasi iliyo wazi, hata kama kiti chake kimefungwa vizuri: kokoto inayorushwa na tairi la gari jingine, mkono unaotoka nje, kiatu kinachopeperuka mbele ya pikipiki. Miguu ya abiria ibaki ndani.

Haya yote ni ya gari lililoundwa hivyo. Grand Cherokee, 4Runner au Land Cruiser ya kawaida haimo. Milango yake ni sehemu ya kinga ya ubavu kama kiwanda kilivyoipima, na ukiitoa unaingia kwenye vifungu vya gari lisilo salama. Vigari vya porini vya viti viwili au vinne vilivyouzwa bila milango ni suala jingine kabisa: vingi hati zake zimeandikwa ni vya nje ya barabara, na hapo swali la milango halifiki.

Ukisimamishwa California kwa kukosa kioo, mara nyingi tiketi huwa ya kosa linalorekebishika. Funga kioo, mtafute askari au ofisa mwenye mamlaka akague na kusaini nyuma ya tiketi, ipeleke mahakamani kabla ya tarehe iliyoandikwa pamoja na ada ya dola 25, na kosa linafutwa. Ukiipuuza, inageuka kuwa faini kamili.