Kulala msituni White Mountains: tafuta pa kulala kabla giza halijakukuta

Kila nikiweka picha status watu wananiuliza maswali yale yale mawili, la kwanza ni dubu, la pili ni "hapo umelipia shilingi ngapi?" Dubu nitamuongelea mbele huko ila hilo la pili ndo swali lenyewe, maana pa kulala sijalipia hata senti na hapo hapo ndo kazi inapoanzia.

Kwa wasionijua mimi naishi Lowell, Massachusetts, ukipanda na barabara kuu ya I-93 kwenda juu kama masaa mawili hivi uko New Hampshire kwenye msitu wa serikali unaitwa White Mountain National Forest, eka zaidi ya laki saba, mwingine umevuka mpaka umeingia jimbo la Maine. Ndani yake kuna kambi za kulipia zenye choo na meza na namba ya kila hema, hizo siziongelei leo, google ipo. Naongelea ile ya kubeba kila kitu mgongoni, unatembea na njia, alafu unaiacha njia unaingia kwenye miti unatafuta mwenyewe pa kulala. Hakuna geti, hakuna bomba, hakuna choo, hakuna wa kukuonyesha.

Sasa mimi nimezaliwa Marangu bwana. Kwetu mlima, Kilimanjaro, una geti na huupandi bila guide. Mjomba wangu alikuwa mgumu miaka mingi tu, alibeba sana njia ya Machame, na kazi ya wagumu kama hujui ni kwamba mgeni anatembea pole pole anapiga picha, mgumu anampita na mzigo kichwani, mgeni akifika jioni anakuta hema limesimama na chai iko tayari. Kwahiyo nimekua nikijua kambi ni mahali ambapo kuna mtu ametangulia. Huku hakuna aliyetangulia, na hilo nimejifunza kwa kulowa.

Mara ya kwanza ilikuwa mwisho wa Septemba mwaka juzi, mimi na jamaa yangu mmoja Mkenya wa Nakuru tunafanya nae kazi ya kutunza wazee. Yeye alitoka shifti ya usiku asubuhi ile akasema alale kidogo, kidogo ikawa saa sita mchana, tukapita kununua vitu, alafu kumbuka mwisho wa Septemba majani yanabadilika rangi yanakuwa mekundu na njano, basi nusu ya Boston nzima inahamia huko kuangalia majani, na ile barabara ya Kancamagus inakuwa foleni kama Mwenge saa kumi na moja jioni. Tumepaki pale Lincoln Woods saa kumi na nusu. Njia pale kwa kweli ni tambarare, zamani ilikuwa reli ya kubebea magogo ya tajiri mmoja anaitwa J.E. Henry, mpaka leo kuna sehemu unakanyaga mataruma ya mbao. Tukatembea tunapiga stori kama tuko Arusha mjini, tumekuja kushtuka jua linazama saa kumi na mbili na nusu na ndani ya miti giza lilishaingia kitambo.

Ile misitu usiione kwenye picha ukadhani unaingia tu. Enzi za akina Henry ilikatwa sana na mingine ikaungua, mpaka Marekani ikapitisha Sheria ya Weeks mwaka 1911 serikali ianze kununua ardhi ya upande huu wa mashariki, na msitu wenyewe ukatangazwa 1918. Kwahiyo miti mingi unayoiona leo imeota upya baada ya pale, na sehemu nyingi ile miti kama ya krismasi imeshonana kiasi kwamba begi linanasa kila hatua, alafu chini kuna kichaka fulani matawi yake yanainama yanagusa ardhi yanaota mizizi tena, mtego kabisa, jamaa alianguka mara tatu.

Tukazunguka na tochi za kichwani kama dakika arobaini, alafu tukakuta kiwanja. Sawa kabisa, hakuna mti hata mmoja, zulia la kijani laini kama godoro. Jamaa akasema, "Mangi, si hapa ni poa sana, tuweke hapa bana." Na mimi nimechoka, nikasema poa mkuu. Sasa jiulize ambacho sisi hatukujiuliza: kwenye msitu ambao miti inagombania nafasi hivyo, kwanini hapo tu hakuna mti? Mvua ilianza saa nane usiku, mpaka saa tisa tulikuwa tumelala ndani ya dimbwi. Maji hayakutoka juu, hema lilikuwa zima, yalikuja kutoka chini, unabonyeza sakafu ya hema kwa kidole inacheza kama mfuko wa maziwa.

Mimi nilikuwa na jinzi. Usivae jinzi. Wala fulana ya pamba, pamba ikilowa inakufyonza joto lote, vaa sufu au vile vitambaa vya michezo, na seti moja ya nguo za kulalia iwe ndani ya mfuko wa plastiki haiguswi mpaka usiku. Usiku ule ilikuwa kama nyuzi 4 hivi, sio baridi ya ajabu, lakini 4 na umelowa ni kitu kingine. Jamaa akaanza kuongea taratibu, anashindwa kufunga zipu, namuuliza kitu ananijibu kingine. Hapo nikajua hapa hakuna kulala, nikamlisha chapati za baridi kwa lazima, tukakunja hema kama nguo chafu, nusu saa nzima tunaitafuta njia ambayo ipo hatua themanini tu, alafu ile reli ya zamani ikatuokoa, tambarare mpaka kwenye gari. Hita ya gari ile asubuhi sijawahi kuipenda mashine vile.

Basi toka siku hiyo nimeenda mara saba na nimebadilisha kitu kimoja kikubwa, nafika mapema. Hema liwe limesimama masaa mawili kabla jua halijazama, na kama nimechelewa barabarani nalala kwenye kambi ya kulipia naingia msituni kesho yake, sijidanganyi tena. Nyumbani kabla sijatoka naangalia ramani, kwenye mteremko natafuta zile sehemu mistari ya mwinuko imeachana, maana yake mlima umepumzika kidogo hapo, pana usawa. Sio bondeni kando ya mto. Mto ni mzuri wa picha ila usiku baridi yote ya mlimani inashuka inakaa huko, na unatakiwa uwe futi 200 kutoka kwenye maji na futi 200 kutoka njiani, kama meta 60, mimi nahesabu hatua themanini. Ukiwa juu sana ambako miti haifiki futi 8 huruhusiwi kuweka hema kabisa labda majira ya baridi juu ya theluji nene. Alafu kuna maeneo wameyafunga, karibu na baadhi ya barabara, vibanda na kambi rasmi huruhusiwi kulala ndani ya robo maili, mengine yana vibao mengine utayaona kwenye karatasi, ile karatasi ya sheria wanagawa bure ofisi za msitu, ichukue. Maegesho tu ndo nililipa, dola 5 kwa siku.

Nikifika eneo naweka alama kwenye ramani ya simu pale nilipoachia njia (pakua ramani nyumbani, mtandao huko sahau), naingia ndani, natua begi, alafu nazunguka mikono mitupu dakika ishirini. Hapa ndo watu wanakosea, wanazunguka na begi mgongoni, na mtu mwenye kilo 18 mgongoni kila mahali anapaona pazuri. Kwanza naangalia juu. Kuna miti inakufa huku imesimama, na matawi yaliyovunjika yakaning'inia, upepo ukija usiku yanashuka, ukiona hata moja juu yako hama, usibishane nalo. Pili naangalia chini: majani makavu yaliyotulia ni dalili nzuri, majani yaliyolala yote upande mmoja kama nywele zilizochanwa ujue maji hupita hapo. Naweka kiganja chini nakandamiza, kikitoka kimelowa basi. Alafu nalala pale chini bila hema, chali, dakika mbili hivi, watakuona chizi lakini mgongo unakwambia kuna jiwe wapi na kichwa kielekee wapi. Hema baadae.

Haya dubu. Ni dubu weusi, wadogo kuliko wale wa kwenye filamu za Alaska, na mara zote saba nimemuona mmoja tu tena makalio yake anakimbia. Yeye hakutaki wewe, anataka msosi wako. Mara ile ya kwanza jamaa alibeba mbuzi kilo tatu ameshamroweka tangawizi, limao na vitunguu swaumu, na kwasababu tulichelewa hatukumchoma, nikalala na mbuzi mbichi ndani ya hema, miguuni. Mpaka leo nikikumbuka nacheka mwenyewe kazini. Siku hizi nina lile debe gumu la plastiki la dubu, ofisi za msitu wanaazimisha bure, wahi tu maana yanaisha, chakula chote na dawa ya meno na sabuni vinaingia humo, nalitupa chini hatua themanini kutoka kwenye hema, na kupika nako napikia huko huko sio mlangoni. Kutundika kwa kamba watu wanakusifia, mimi nilijaribu mara moja, nilirusha jiwe lenye kamba mara kumi na nne likarudi karibu linitoe jicho. Ukikutana nae usikimbie, ongea kwa sauti, rudi nyuma taratibu. Na zile kelele za usiku kama mtu ana gumboot anakuzunguka ni panya, majani makavu yanakuza kila kitu.

Ambao mimi nawaogopa kuliko dubu ni kupe. Wale wadogo kama punje ya ufuta wana ugonjwa wa Lyme, soksi juu ya suruali hata kama unaonekana mshamba, na jioni jikague kwapani, nyuma ya magoti, kiunoni. Na Mei kufika katikati ya Juni kuna inzi weusi wanang'ata mpaka damu inatiririka shingoni, kipindi hicho mimi nabaki Lowell.

Moto najua mnauliza, kambi gani bila nyama choma. Mimi siku hizi siwashi, nina jiko dogo la gesi, chai dakika nne. Kuni za huko zimelowa nusu ya mwaka, na ukiwasha unaacha kovu jeusi ambalo mwingine atalikuta atasema hapa ni kambi, mwaka mmoja pameshakuwa uwanja. Kama lazima uwashe usitoke na kuni Massachusetts, New Hampshire ni kosa kuingiza kuni kutoka nje ya jimbo zisizopitishwa joto, sababu ya wadudu wanaokaa ndani wanamaliza miti. Choo unachimba, sentimeta 15 mpaka 20, hatua zile zile themanini kutoka kwenye maji, unafukia, tuliokulia kijijini hatuhitaji semina. Maji unachuja au unachemsha hata yakiwa meupe vipi.

Na usiondoke bila kumwachia mtu taarifa. Mimi namtumia dada yangu picha ya ramani na neno moja, nisipopiga mpaka Jumapili saa mbili usiku apige 911 awaambie niko wapi. Pia nakata kila mwaka ile kadi ya hikeSafe, dola 25 kwa mtu mmoja, 35 familia, hela inaenda kwenye uokoaji, na wakija kukutoa kwa uzembe wako hawakudai gharama, labda uwe umefanya ujinga wa makusudi kabisa.

Mwezi wa nane nilienda na jamaa tena, mbuzi tulimuacha kwenye friji, tukafika saa nane mchana. Nikachukua video ya hema, nikazungusha simu kuonyesha miti na mteremko, nikamtumia mjomba Jumapili tulipopata mtandao mjini Lincoln. Nilidhani atauliza dubu kama wengine wote. Akanyamaza dakika kadhaa naona tu tiki mbili za bluu, alafu ikaja voisi fupi: "Mvua ikinyesha hapo, maji yanapita wapi?"

Nikamrudishia video nyingine, nilishaichukua.