Kutoa kuni porini penye njia ya mchanga

Ndugu yangu uliyeuliza namna ya kuzitoa kuni porini hadi barabarani huko Newala, ambako njia ni mchanga mtupu, shauri langu la kwanza ni kwamba usibebe maji. Karibu nusu ya uzito wa mti mbichi huweza kuwa maji; kwa hiyo ukatekate vipande vya urefu unaolingana, uvipange juu ya vijiti visiguse ardhi, kisha uviache vikauke kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, kabla ya kuvisafirisha. Mkokoteni wenye magurudumu membamba huzama mchangani. Tumia wenye matairi mapana ya gari, usiyajaze upepo kupita kiasi, na mzigo uukalishe juu ya ekseli ili mikono ya mkokoteni isiinuke wala kumlemea anayevuta. Baiskeli inafaa kwenye vijia, ila isukumwe, na mzigo ufungwe kwa mipira ya tyubu. Mama zetu hubeba kichwani kwa ngata, na shingo zao huumia sana; tafadhali wapunguzieni safari hizo. Kama ni msitu wa hifadhi ya serikali, pata kwanza kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu.