Watoto wanaosomea nyumbani kwenye shamba la mifugo, Lubumbashi: jibu langu kwa mama aliyeuliza

Mama, jambo sana. Umeuliza kama watoto wako, wa miaka 8 na 11, wanaweza kusomea nyumbani sasa mmehamia shambani, barabara ya Kasenga, na kama mbuzi na kuku wanaweza kuwa masomo ya kweli. Nakujibu kwa yale tunayoyafanya na watoto wetu watatu huku upande wa Kipushi, kwenye shamba dogo lenye ng'ombe wachache, mbuzi, kuku na mahindi.

Inawezekana, na ningeulizwa leo ningechagua njia hii tena. Ila mnyama hafundishi peke yake. Mtoto akishinda nyuma ya mbuzi bila daftari na bila mtu wa kumwuliza maswali, jioni atakuwa amechunga tu. Kwetu kila mtoto ana mnyama wake na daftari la mnyama huyo. Kila siku anaandika tarehe, alichokiona na alichokipima, hata kama ni mstari mmoja. Hesabu yetu karibu yote inatoka humo.

Chukua mbuzi. Siku dume amempanda, mtoto anaandika tarehe. Mimba ya mbuzi ni siku 150 hivi, basi mtoto atafute mwenyewe siku ya kuzaa, na hapo ni lazima ajue miezi ya siku 30, ya 31, na Februari. Ng'ombe ni kama siku 283, kwa hiyo hesabu inavuka mwaka. Mayai ya kuku yanatotolewa siku ya 21, ya hawa bata wetu wa kienyeji wenye uso mwekundu ni siku 35. Usiku wa siku ya 7 tunaweka yai juu ya tundu la boksi lenye tochi ndani: lenye kifaranga linaonyesha mishipa myekundu, lisilo na kitu linang'aa tupu. Watoto hawachoki na somo hilo.

Asilimia ilikuwa inamsumbua binti yangu mkubwa kwenye kitabu. Aliielewa alipotaka kujua kuku yupi tumwachie mayai msimu unaofuata. Mmoja alilalia mayai 12 akatotoa 9, mwingine alilalia 8 akatotoa 7. Kwa macho, wa kwanza ameshinda, ana vifaranga wengi. Akagawanya: 75 kwa mia na 87.5 kwa mia. Tangu hapo haniulizi tena asilimia ni ya nini.

Sasa nikwambie kitu mlicho nacho hapo shambani ambacho shule nyingi za mjini hazina: vichuguu. Vile vikubwa vya huku Katanga, vyenye urefu wa nyumba, ni kitabu kizima cha darasa la sita. Anza na urefu. Asubuhi na mapema jua likiwa chini, simika mti wa mita moja, pima kivuli chake, pima na kivuli cha kichuguu, kisha mtoto afanye hesabu ya uwiano. Atapata urefu mdogo kuliko anaouona kwa macho, na umwache atafute sababu. Kichuguu ni kipana: kivuli cha kilele kinaanzia katikati, chini ya udongo, si pale mguuni alipoanzia kupima. Basi azungushe kamba chini yake, apime kamba, agawanye kwa 3.14 apate upana, achukue nusu, aongeze kwenye kivuli. Mwanangu wa pili alihangaika na jambo hili mpaka akaliona mwenyewe, na sikumsaidia, ingawa mdomo ulikuwa unaniwasha.

Halafu udongo. Ardhi yetu nyekundu ina asidi na imechoka. Mchwa wanapandisha udongo wa mfinyanzi kutoka chini, ndiyo maana watu wanaubeba kwenye bustani na wanafyatulia matofali. Panda mahindi mistari miwili, mmoja kwenye udongo wa kawaida, mwingine kwenye udongo wa kichuguu, maji sawasawa, na watoto wapime kila wiki. Na ukichimba, baadhi ya vichuguu vina vijiwe vyeupe ndani. Vidondoshee siki. Vikitoa povu, ni kalisi kaboneti, na povu hilo ni hewa ya kabonidioksidi. Hiyo ni kemia ya sekondari, na mtoto wa miaka 8 ameishika mkononi.

Kuna mambo ambayo watoto hawagusi, na hapa nakusihi sana. Mimba iliyotoka na kondo la nyuma ni kazi ya mtu mzima mwenye mifuko ya plastiki mikononi, kwa sababu ya ugonjwa wa kutupa mimba, ambao unaingia kwa binadamu. Kwa sababu hiyohiyo maziwa yanachemshwa, yote, kila siku. Dawa ya kupe mtoto anaikokotoa kwenye karatasi (kibandiko kikisema mililita 1 kwa lita, pampu ya lita 20 inataka ngapi?), lakini chupa haishiki. Na kazi yake iishe somo linapoisha. Tukianza kumhesabu kama mfanyakazi kwa sababu mkono wake unasaidia, tumemwibia.

Shamba halitakupa Kifaransa. Hili ndilo linalowaangusha watoto wengi wa nyumbani ninaowajua. Watoto wetu wanaongea Kiswahili na wanyama, na majirani, na sisi. Lakini mtihani wa taifa wa mwisho wa shule ya msingi, ENAFEP, unafanywa kwa Kifaransa. Kwetu saa ya kwanza ya asubuhi ni Kifaransa, kabla ya zizi: imla, kusoma kwa sauti, kisha kueleza kwa Kifaransa kilichoandikwa jana kwenye daftari la mnyama. Mwanzoni ni maneno matatu. Usilegeze.

Kuhusu sheria: Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 43, inawapa wazazi haki ya kuchagua namna ya kuwaelimisha watoto wao, na inasema pia kwamba elimu ya msingi ni ya lazima. Shika yote mawili. Sisi tuliongea na mkurugenzi wa shule ya karibu, akawaandikisha, wanakwenda kufanya mitihani na wana karatasi zao za alama. Kwa Exetat, mtihani wa taifa wa mwisho wa sekondari, serikali inapokea pia watahiniwa waliojisomea wenyewe, lakini hilo kwako bado liko mbali.

Wenzao nao usiwasahau. Wangu wana kwaya Jumamosi na mpira na watoto wa jirani. Mtoto anayecheza na ndama peke yake anakua na kiu ya watu.

Kwa kuanza, wa miaka 8 mpe kuku mmoja anayelalia, daftari na kalenda ya ukutani. Wa miaka 11 mpe mbuzi jike na kichuguu kimoja, na umkadirie mapema mwaka wake wa ENAFEP, maana yeye ndiye asiye na muda. Mvua zikianza Novemba kazi ya mahindi itakula siku zenu, kwa hiyo Kifaransa kiwe kimeshakuwa desturi kabla ya hapo. Na mkurugenzi mwone kabla ya Septemba, nenda na vyeti vyao vya kuzaliwa na karatasi za alama za shule waliyotoka.