Usivuke kwenda Lesotho na gari la kukodi kabla barua haijawa mkononi

Mkuu, umeandika kwamba Ijumaa mnatoka Johannesburg, wewe, mama watoto na wanao wawili, mnakaa Lesotho siku mbili, na "gari nimeshalipia, kila kitu kiko sawa." Hakiko sawa. Umeuliza mlale wapi, mle nini, muende Semonkong au Katse, mpite Sani Pass, ile njia ya milimani, au Maseru, mji mkuu. Barua ya wenye gari ya kukuruhusu kulivusha mpakani hujaitaja popote.

Mimi niliondoka hivyohivyo. Pale kaunta ya kukodi gari nilimuuliza mhudumu mara mbili: naenda Lesotho, kuna karatasi yoyote inahitajika? Akaniambia Lesotho imezungukwa na Afrika Kusini pande zote, ni kama kwenda mkoa mwingine. Nikamwamini kwa sababu gari ni la kwao. Lesotho ni nchi! Ina mfalme, ina bunge, ina mpaka wake. Anayekodisha magari kila siku anapaswa kulijua hilo kuliko mimi, na hadi leo nikimkumbuka damu inanichemka.

Tukaendesha kilomita 400 na ushee. Maseru Bridge tukafika saa moja usiku, bila presha, maana mpaka ule uko wazi saa 24. Paspoti hazikuwa na tatizo. Askari wa upande wa Afrika Kusini akaona gari ni la kukodi, akaomba barua. Sina. Napiga simu ofisini kwa waliotukodisha gari, wameshafunga. Binti yangu, miaka sita, ananiuliza kama zile taa ng'ambo ya mto ndiyo Lesotho. Ndiyo zenyewe, mwanangu. Tukageuza gari.

Tulilala Ladybrand, mji wa upande wa Afrika Kusini, tukalipia vyumba mara ya pili, kwa sababu kule Semonkong hawakurudisha hela. Barua ilikuja kwa barua pepe Jumamosi alasiri. Barabara ya Semonkong ni ya milimani, na mimi gizani na watoto siendi. Tukaishia Maseru mjini, Jumapili tukarudi. Maporomoko ya Maletsunyane kule Semonkong, mita 192, ndiyo tuliyoyafuata safari nzima, na hatukuyaona.

Na usifikiri ukibahatika kupita bila kuulizwa umepona. Gari likipata ajali ng'ambo bila ruhusa, bima inaweza kukukana, na gharama zote zikawa zako.

Kwa hiyo usiwashe gari mpaka uishike barua, iliyochapishwa. Isome palepale kaunta: namba ya gari iwe ile iliyo kwenye kibao, jina lako kama lilivyo kwenye paspoti, jina la mkeo kama naye ataendesha, neno Lesotho liandikwe, tarehe zifike hadi siku ya kurudi. Wakikwambia "haihitajiki," mwombe meneja. Wakikataa, kodi kwingine, hata kama utapoteza amana.

Sani Pass sahau na hilo gari dogo: askari hawaruhusu gari lisilo la kuendesha magurudumu yote manne, na mpaka wenyewe unafungwa saa kumi na mbili jioni. Beba vyeti vya kuzaliwa vya watoto, maana mnaingia tena Afrika Kusini. Makoti mazito pia, Julai kule theluji huanguka. Randi zinapokelewa, ila maloti, pesa ya Lesotho, yamalize kabla hujarudi.

Leo ni Jumatano. Kesho asubuhi nenda ukaidai barua, kisha uandike hapa imesemaje. Nitakuwepo.